Mwacha mila ni mtumwa? Kazi ya miongozo ya adabu ya kale katika Mtwara ya leo

Na Mwandishi Wetu, Mtwara

KIJANA anayehamishiwa Mtwara kikazi kutoka Mwanza, Arusha au Dar es Salaam hugundua mapema kwamba cheti chake hakikumfundisha mambo madogo ambayo wenyeji huyapima kwanza.

Akiingia katika baraza lenye wazee, aanze kumsalimia nani? Akikaribishwa chakula ilhali ameshiba, ajibu nini? Jirani akifiwa, je, inatosha kutuma rambirambi kwa simu? Na iwapo anataka kumposa binti wa Kimakonde, wajumbe wake wapeleke barua kwa baba au kwa mjomba?

Zamani maswali hayo yalikuwa na majibu yanayojulikana. Kijana wa pwani hii, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na maingilio ya Mto Ruvuma, alifundishwa majibu hayo kabla ya kuhesabiwa kuwa mtu mzima. Mwalimu alikuwepo, muda wa masomo ulikuwepo, na mtihani wake ulikuwa maisha yenyewe.

Leo mji umebadilika. Daraja la Mkapa katika Mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, lilipunguza kutengwa kwa mikoa ya kusini na sehemu nyingine za nchi. Gesi ya Ghuba ya Mnazi, iliyogunduliwa mwaka 1982, ilianza kuzalisha umeme wa Mtwara katika miaka ya 2000, na mwaka 2015 bomba la kuipeleka Dar es Salaam likazinduliwa. Mwaka huohuo kiwanda cha saruji cha Dangote nacho kilizinduliwa. Pamoja na miradi hiyo wamekuja wafanyakazi, wanafunzi wa vyuo na wafanyabiashara wa makabila mbalimbali.

Katika mchanganyiko huo linajitokeza swali: je, miongozo ya adabu iliyoachwa na wahenga, ile ya kusimuliwa na ile ya kuandikwa, ingali na manufaa, au imebaki kuwa pambo la sherehe?

Jibu fupi ni kwamba ina manufaa makubwa kwa yule anayejua sababu ya kila desturi. Kwa yule anayeibeba nzima nzima, au kuitupa nzima nzima bila kuuliza, inaweza kuwa na madhara.

Kitabu kisichoandikwa

Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na jamii za pwani ya kusini, mwongozo wa kwanza wa adabu haukuwa kitabu. Ulikuwa jando kwa wavulana na unyago kwa wasichana.

Watu wengi wa mijini wakisikia maneno hayo hufikiria tohara, ngoma na mambo ya chumbani pekee. Hayo yamo, lakini sehemu kubwa ya mafunzo ilihusu namna ya kuishi na watu: jinsi ya kusalimu, kupokea mgeni, kula na wakubwa, kuingia msibani, kutunza siri ya nyumba na kuzuia ulimi.

Mafunzo hayo yalitolewa kwa nyimbo, mafumbo na vitendo, ili yakae kichwani bila daftari. Wari walikaa pamoja kwa siku au wiki kadhaa chini ya nyakanga au kungwi. Waliotoka humo walihesabiwa kuwa wamefundwa. Neno hilo lina uzito hadi leo, kwani kumwambia mtu mzima kwamba hakufundwa ni tusi kubwa kuliko kumwambia kwamba hakusoma.

Jambo muhimu zaidi ni kwamba kila mwari alikuwa na somo wake, yaani mtu mzima asiye mzazi wake, aliyekabidhiwa jukumu la kumfunda. Uhusiano huo haukuisha siku ya kutoka ndani. Mwari alipoolewa, alipopata ujauzito, alipogombana na mumewe au alipofiwa, alikuwa na mtu wa kumwendea na kumuuliza.

Kwa maneno mengine, mwongozo wenyewe ulikuwa mtu. Ulijibu maswali, ulikemea, na uliweza kubadili jibu kulingana na hali ya anayeuliza.

Wageni nao walivutiwa na mfumo huo. Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho kutoka Leipzig, Ujerumani, alifika Lindi mwaka 1906, akasafiri hadi Masasi na Newala. Alipiga picha na kurekodi nyimbo kwa mashine, zikiwemo za unyago, na mwaka 1908 akachapisha kitabu kuhusu safari hiyo.

Kanisa nalo lililazimika kuamua. Vincent Lucas, mmisionari wa Kianglikana aliyekuwa Askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia mwaka 1926, hakukubaliana na waliotaka jando lipigwe marufuku. Yeye na mapadri Waafrika waliunda jando la Kikristo, wakaondoa yale waliyoyaona kuwa kinyume cha imani na kubakiza mafunzo ya utu uzima.

Uamuzi huo ulizua mabishano wakati wake. Hata hivyo, unaonyesha kwamba kuzichambua mila hizi si wazo la jana. Watu wa kusini wamekuwa wakizichagua na kuzirekebisha kwa karne nzima.

Waliotia adabu katika maandishi

Upande wa maandishi, pwani ya Waswahili ina hazina yake. Maarufu kuliko yote ni utenzi wa Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, alioutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake. Utenzi huo wenye beti 102 unamfundisha binti namna ya kumcha Mungu, kuwaheshimu wazazi, kuishi na mume na kuzungumza na watu kwa ulimi mwema.

Mwingine ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, Mswahili wa upande wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake kuhusu desturi za Waswahili yalichapishwa Ujerumani mwaka 1903 na Carl Velten. Kitabu hicho kinaeleza maisha ya mtu tangu kuzaliwa hadi kuzikwa: malezi, jando na unyago, ndoa, utani na matanga. Mtoro alifundisha Kiswahili Berlin na alifariki huko mwaka 1927.

Maandishi hayo hayakuandikwa Mtwara, lakini msomaji wa Mikindani hatayaona mageni. Mji huo wa kale, bandari ambayo David Livingstone alianzia safari yake ya mwisho kuelekea bara mwaka 1866, ulikuwa sehemu ya biashara na dini ileile iliyounganisha pwani kuanzia Lamu hadi Msumbiji. Kilichokuwa adabu Pate au Bagamoyo kilieleweka Mikindani pia.

Hata hivyo, msomaji wa leo anapaswa kuyasoma kwa macho mawili. Mwana Kupona anamwonya binti yake asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Mtoro naye anaeleza jamii ambayo ndani yake mtumwa na bwana walikuwa na salamu na mavazi tofauti.

Hapo ndipo msemo wa wahenga kwamba mwacha mila ni mtumwa unapohitaji kutazamwa upya. Baadhi ya mila zilizoandikwa zilikuwa ndizo zinazomtambulisha nani ni mtumwa. Kuziacha hizo si utumwa, ni uungwana.

Hodi mlangoni na hodi ya simu

Ili kuona manufaa ya miongozo hii, inafaa kuchukua desturi moja moja na kuuliza ilikuwa na kazi gani.

Mfano mwepesi ni hodi. Adabu ya pwani, iliyochota pia katika mafundisho ya Kiislamu, inamtaka mgeni abishe hodi mara tatu. Asipoitikiwa, aondoke bila kinyongo. Tena asisimame akiukabili mlango, bali akae pembeni ili mlango ukifunguliwa asione yaliyomo ndani.

Sababu yake iko wazi. Mwenye nyumba ana haki ya kutokuwa tayari. Huenda amelala, anaoga, ana mgonjwa au hana chakula cha kumpa mgeni. Hodi inampa nafasi ya kukataa bila kutamka neno la kukataa.

Simu ya mkononi haikuwepo wakati wa wahenga, lakini sababu hiyo haijabadilika. Mtu anayepiga simu mara kumi mfululizo usiku, kisha akalalamika kwamba amedharauliwa, amevunja adabu ya hodi. Vivyo hivyo kwa anayeanza kueleza shida yake bila kuuliza kama aliyepigiwa ana nafasi ya kuzungumza.

Anayeijua sheria tu atasema kwamba hodi ni ya milangoni. Anayeijua sababu ataona kwamba simu nayo ni mlango, na kwamba kuitikiwa ni hisani.

Sinia, mikono na maradhi

Chakula nacho kina kanuni zake. Wanaokula sinia moja hunawa kwanza, hula kwa mkono wa kulia, na kila mmoja hula upande uliomwelekea. Nyama au samaki huachwa katikati hadi mkubwa aanze au agawe. Mtoto husubiri, na anayeshiba mapema haondoki ghafla.

Kanuni hizo si urembo. Kula upande wako kunazuia ugomvi. Kusubiri nyama kunamfundisha mtoto kuzuia tamaa mbele ya wengine, na pia kunamlinda mnyonge asiachiwe mchuzi mtupu.

Mgeni akikaribishwa, hata kama ni kwa ming'oko iliyochemshwa au kipande cha muhogo, adabu inamtaka aonje. Kukataa kabisa kunaweza kueleweka kwamba anawadharau au anawashuku wenyeji. Kuonja kidogo na kushukuru kunatosha, na hakuna anayemlazimisha kushiba.

Hata hivyo, desturi ya watu wengi kunawa katika bakuli moja la maji imeonekana kuwa hatari nyakati za kipindupindu. Familia nyingi zimerudi kwenye birika, ambapo maji humiminwa juu ya mikono. Kusudi la kunawa lilikuwa usafi, kwa hiyo aliyeacha bakuli la pamoja hakuivunja desturi, bali ameitekeleza kikamilifu zaidi.

Jambo kama hilo lilionekana mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona. Watu waliokuwa wamezoea kupeana mikono walianza kusalimiana kwa kuweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa. Hakuna aliyesema heshima imekufa, kwa sababu kila mmoja alielewa kwamba salamu ni kumtambua mtu, si kumgusa tu.

Habari ya msiba

Mahali ambapo miongozo ya kale inahitajika zaidi leo ni msibani.

Kwa desturi, habari ya kifo haikutupwa hovyo. Mjumbe alitumwa kwa mzee wa ukoo, naye ndiye aliyetafuta namna ya kuwafikishia wafiwa wa karibu. Aliyekuwa mbali aliambiwa kwanza kwamba mgonjwa hali si nzuri, arudi nyumbani. Alipofika alikuta watu wa kumshika mkono kabla hajaambiwa ukweli wote.

Leo mtu anaweza kusoma habari ya kifo cha mama yake katika kundi la simu akiwa ndani ya basi, peke yake, kabla ndugu zake hawajapata nafasi ya kumpigia. Mara nyingine habari hiyo huja na picha ya marehemu, au ya ajali yenyewe, iliyopigwa na mpita njia.

Anayetuma picha hizo mara nyingi hana nia mbaya. Anadhani anasaidia kupasha habari. Lakini desturi ya zamani ilikuwa na kanuni mbili ambazo zingemzuia: wafiwa wa karibu husikia kwanza, na mwili wa marehemu husitiriwa. Kanuni hizo hazikutungwa kwa ajili ya intaneti, lakini zinatosha kabisa kuiongoza.

Kuhusu rambirambi, ambayo wakazi wengi wa pwani huiita ubani, kutuma fedha kwa simu si kosa. Msiba una gharama za sanda, chakula na usafiri, na fedha inayofika mapema humsaidia mfiwa. Kosa ni kudhani kwamba fedha imemaliza wajibu.

Kazi ya kwanza ya matanga ni kuhakikisha mfiwa hakai peke yake. Ndiyo maana majirani hulala msibani, wanawake ndani na wanaume nje, hata wale wasio na kitu cha kutoa. Aliyetuma fedha akashindwa kufika anapaswa kwenda baadaye, hata baada ya wiki mbili, akaketi kidogo na kusema pole kwa mdomo wake.

Mjomba hasahauliki

Katika mambo ya ndoa, mgeni wa Mtwara anaweza kukosea kwa nia njema kabisa.

Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa asili hufuata ukoo wa mama. Katika mfumo huo, mjomba, yaani kaka wa mama, ana sauti kubwa kuhusu watoto wa dada yake. Uislamu, Ukristo, sheria za nchi na maisha ya mjini vimeongeza nguvu ya baba, na familia hazifanani. Lakini mjomba hajaondoka mezani.

Kijana kutoka jamii inayofuata ukoo wa baba hupeleka wajumbe wake moja kwa moja kwa baba wa binti, akiamini kwamba amefuata heshima zote. Mjomba akisikia habari hiyo njiani, posa inaweza kukwama kwa miezi, si kwa sababu kijana ni mbaya, bali kwa sababu amempita mtu.

Dawa yake ni rahisi. Kabla ya kupeleka barua, mjumbe huuliza upande wa binti ni nani wanaostahili kujulishwa na kwa utaratibu gani. Kuuliza huko hakumshushi mwoaji. Kwa wenyeji ni dalili kwamba kijana amefundwa, hata kama alifundwa kwao kwa mila nyingine.

Hapa kuna somo pana zaidi. Mwongozo wa adabu hautoi jibu moja kwa makabila yote. Unachofundisha ni kwamba kila nyumba ina utaratibu wake, na mgeni muungwana hutafuta kuujua kabla ya kuingia.

Cheo cha kijana, umri wa mzee

Ofisini nako kuna mtihani wake. Meneja mwenye miaka 30 anamkuta mlinzi wa lango mwenye miaka 60. Nani amwamkie mwenzake?

Kwa adabu ya Kiswahili, shikamoo hufuata umri, haifuati mshahara. Meneja humwamkia mlinzi, naye huitikia marahaba. Baada ya hapo meneja hutoa maelekezo ya kazi, na mlinzi huyatekeleza. Salamu imetambua umri na maelekezo yametambua cheo, wala kimoja hakikukifuta kingine.

Wapo vijana wanaoona kwamba kumwamkia mtu wa chini yao kikazi kunawapunguzia mamlaka. Uzoefu wa kawaida wa mijini unaonyesha kinyume chake, kwani agizo linalotanguliwa na salamu hupokelewa kwa moyo mweupe zaidi. Heshima si utumwa, walisema wahenga.

Lakini upande wa pili nao una wajibu. Mkubwa anayeitumia shikamoo kumnyamazisha kijana mwenye hoja, au kumlazimisha akubali jambo baya kwa kuwa limesemwa na mzee, ameivunja desturi hiyohiyo. Marahaba ni kupokea heshima, na anayeipokea hufungwa nayo.

Mipaka ya utani

Utani wa makabila ni desturi nyingine iliyohamia mijini. Makabila kadhaa ya kusini yana utani na Wangoni, uliotokana na historia ya vita vya karne ya 19 na mapatano yaliyofuata. Waliokuwa maadui wakageuka watu wa kuambiana maneno makali bila kukasirikiana.

Utani huo haukuwa mzaha mtupu. Mtani alikuwa na kazi msibani: aliwachekesha wafiwa, alisaidia shughuli nzito za mazishi na kusema ukweli ambao ndugu hawakuthubutu kuusema. Ruhusa ya kutania ilikwenda pamoja na wajibu wa kusaidia.

Leo utani mara nyingi umebaki na ruhusa pekee. Katika ofisi na vijiwe, mtu humtupia mwenzake maneno ya kabila, au humshika mwanamke asiyependa kushikwa, kisha hujitetea kwamba ni mtani wake. Kwa kipimo cha zamani, anayedai utani lakini haonekani kwenye msiba wa mtani wake hana haki hiyo. Kwa kipimo cha sheria za leo, unyanyasaji wa kijinsia ni kosa, na utani si kinga.

Yasiyopaswa kuendelezwa

Si haki kuisifu miongozo ya kale bila kutaja maumivu yake.

La kwanza ni umri. Zamani msichana alichezwa unyago baada ya kuvunja ungo, na ndoa ilifuata karibu. Leo wapo wazazi wanaowapeleka watoto wakiwa bado wadogo mno, ama kwa sababu ya gharama, ama ili wachezwe pamoja na dada zao. Mtoto wa darasa la tatu au la nne akifundishwa mambo ya unyumba, anarudi shuleni akiamini kwamba amekuwa mtu mzima, na wapo wanaume wanaoamini hivyo pia.

Matokeo yake yanajulikana: mimba, utoro na kukatishwa masomo. Ndiyo maana viongozi wa mikoa ya kusini wamekuwa wakihimiza mara kwa mara kwamba shughuli za jando na unyago zifanyike wakati wa likizo, na kwamba mafunzo yalingane na umri.

Sheria nayo imezidi kukaza. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha uamuzi wa Mahakama Kuu wa mwaka 2016 kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinakwenda kinyume cha Katiba.

La pili ni afya. Tohara ya wavulana wengi kwa kisu kimoja ni hatari iliyo wazi tangu ulipoingia ugonjwa wa Ukimwi. Familia nyingi sasa huwapeleka watoto hospitali, kisha mafunzo ya jando hufuata nyumbani au kambini. Huo ni ushahidi mwingine kwamba kisu na mafunzo vinaweza kutenganishwa.

La tatu ni mizani ya wajibu. Mafunzo mengi ya kale yalimtwisha mwanamke mzigo wote wa amani ya nyumba: avumilie, afiche, anyamaze. Kutunza siri ya nyumba ni adabu njema. Lakini siri inayoficha kipigo si adabu, na kungwi anayemwambia binti avumilie kupigwa anamtia hatarini.

Kungwi wa jioni moja

Mijini pengo la unyago limejazwa kwa sehemu na sherehe za jikoni, zinazojulikana zaidi kama kicheni pati. Bibi harusi mtarajiwa hukalishwa mbele ya ukumbi, hupewa vyombo na nasaha, na kungwi wa kukodi huzungumza kwa kipaza sauti.

Sherehe hizo zina faida zake. Zinamsaidia binti kuanza maisha na zinawakutanisha wanawake wa familia mbili. Zaidi ya hayo, anayefundwa ni mtu mzima anayekwenda kuolewa, si mtoto. Kwa upande huo, mji umerekebisha kosa kubwa la kijiji.

Lakini kuna kilichopotea. Kungwi wa jioni moja hamjui binti, hajui mumewe, na keshokutwa yuko katika ukumbi mwingine. Ndoa ikiyumba mwezi wa sita, binti hana somo wa kumwendea, ana namba ya simu tu. Wavulana wana hali mbaya zaidi, kwani hata jioni moja hawaandaliwi. Wengi wao hujifunza kuhusu wanawake na unyumba kijiweni au katika filamu za simu.

Shule zimejaribu kuchukua sehemu ya kazi hiyo. Mtaala wa shule za msingi wa mwaka 2005 ulikuwa na somo la Haiba na Michezo, baadaye likaja somo la Uraia na Maadili, na mitaala iliyoboreshwa mwaka 2023 imeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Hatua hizo ni njema, ila mwalimu mwenye darasa la watoto 80 hawezi kuwa somo wa kila mmoja, na adabu inayoulizwa kwenye mtihani wa kuchagua jibu hujibiwa na kusahauliwa.

Nini kifanyike

Kinachoweza kurudishwa kutoka katika miongozo ya kale, tena bila gharama kubwa, ni yule mtu wa kuulizwa. Familia ya mjini inaweza kumchagulia kila mtoto, wa kike na wa kiume, mtu mzima mmoja mwaminifu anayefahamika na wazazi wote wawili: shangazi, mjomba, jirani au rafiki wa familia. Mtoto aambiwe wazi kwamba huyu ni mtu wa kumwendea kwa swali lolote, na mtu huyo aelezwe mipaka yake: afundishe kulingana na umri, na asifiche jambo linalomhatarisha mtoto.

Wazazi, kwa upande wao, wanaweza kuacha mazoea ya kujibu kwamba ndivyo tulivyofundishwa. Mtoto anayeelezwa kwa nini watu hubisha hodi atajua pia namna ya kutumia simu. Anayeelezwa kwa nini mwili wa marehemu husitiriwa hatahitaji kutishiwa ili asisambaze picha.

Kwa mgeni anayehamia Mtwara, ushauri ni mwepesi zaidi. Awaamkie waliomzidi umri, aonje anachokaribishwa, afike msibani, aulize kabla ya kuposa. Atakosea mara kadhaa, na atasamehewa, kwa kuwa wenyeji humpima mgeni kwa kutaka kwake kujifunza kuliko kwa kujua kwake.

Na kwa wenyeji nao, wahenga waliacha neno kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ulimwengu wa leo uko kiganjani mwa kila mtoto mwenye simu, na hufundisha usiku na mchana bila kuulizwa. Mzazi au somo anayechelewa kusema atakuta darasa limeshaanza.